Mji Mkongwe Zanzibar: kuna cha maana cha kuona au niende zangu Nungwi moja kwa moja?

Mzee wa Kirumba

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa mliowahi kufika Zanzibar au mnaoishi huko. Mwezi ujao nina harusi ya shemeji Dar, tukimaliza tunavuka na boti mimi, mama watoto na binti yetu wa miaka tisa, siku tatu halafu turudi Mwanza. Sasa ugomvi umeanzia kwenye hizo siku tatu. Mimi maji nayaona kila siku ila bahari ile ya bluu naionaga kwenye stetasi za watu tu, nataka nikalale mchangani Nungwi basi. Mama watoto ni mwalimu wa historia sekondari, yeye anasema miaka kumi na moja anafundisha biashara ya watumwa kwa kuchora ramani ubaoni, haiwezekani afike Unguja asikanyage Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Nimemwambia sawa ila moyoni naogopa, maana mwaka juzi tulienda sehemu moja ya kihistoria (siitaji), tukalipa kiingilio, tukalipa mtembezaji, tukalipa na kupiga picha, tulichokiona ni ukuta na kibao chenye kutu, mtoto muda wote analia njaa. Je Mji Mkongwe nao ni hivyo hivyo? Kama kuna cha maana nitajieni, kama hakuna semeni ukweli nimwonyeshe huu uzi 😂

Bata Batani

Mkuu nenda Nungwi. Mimi Mji Mkongwe nilimaliza kwa dakika arobaini na katika hizo nimepotea mara tatu, na mara zote tatu nikatokea kwenye duka lile lile la picha za tingatinga, muuzaji akawa ananiita kwa jina. Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu ambalo ndo lipo kwenye picha zote, nilikuta imezungushiwa mabati. Utapiga selfi na mlango, utakula pweza Forodhani, umemaliza.

Mtu wa Malindi

Hapo juu umesema kweli nusu. Mie nimezaliwa Malindi, nimekulia humo humo vichochoroni, na sitomdanganya mtu. Ukija na karatasi ya vivutio unaweka alama ya vema hiki nimeona hiki nimeona, utaondoka umenuna. Beit al Ajaib ya Sultani Barghash ya 1883 ndiyo, sehemu yake ilianguka Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo na watu wakafa, si jambo la mzaha kwetu, kwa hiyo iangalie kwa nje tu. Ngome Kongwe ni ya Waomani walipowatoa Wareno, kuingia uwanjani hulipi, ila ndani ni maduka ya vinyago na jukwaa la ngoma, robo saa inatosha. Hamamni, bafu la Barghash, maji hayamo siku nyingi, mtoto ataona vyumba vya saruji akuulize baba tumefuata nini.

Lakini huo mji wenyewe ndio kivutio, na huo haukatiwi tiketi. Amka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, mapapasi, wale vijana wanaowakimbilia wageni, wamelala bado, tembea kutoka Malindi kuelekea Shangani bila ramani. Potea tu. Ukiona bahari umefika mwisho, ukiona Darajani umefika mwisho wa pili, hakuna pengine pa kwenda. Angalia milango: ile yenye tao juu na misumari ya shaba minene ni mtindo wa Kihindi, ile ya mraba yenye nakshi za maua na maandishi ya Kiarabu ndiyo ya Kiarabu, mpe binti kazi ya kuhesabu ipi imezidi, atakwenda saa nzima bila kulia. Kaa barazani Jaws Corner unywe kahawa chungu na kashata na wazee wanaobishana mpira na siasa. Halafu Darajani sokoni, soko hilo ni la 1904, na mwalimu utamfurahisha ukimwambia kwa nini paitwe Darajani wakati daraja halipo: palikuwa na mkono wa bahari ukiutenga mji wa mawe na Ng'ambo, daraja lilikuwa hapo, ule mkono ukafukiwa, jina likabaki. Wageni wengi wanapita juu yake na mifuko ya karafuu na hawajui.

papasi mstaafu

Nimefanya hiyo kazi ya kukimbilia wageni bandarini miaka sita, sasa nina kazi ya heshima nauza simu, kwa hiyo naweza kusema yote 😅

Mke wako yuko sahihi, Mkunazini usikose. Lipa, na chukua mtembezaji wa pale pale ndani, mwenye kitambulisho, si wa njiani. Bila wa kukueleza utaona kanisa tu na utatoka kama ulivyotoka huko kusikotajwa. Kanisa limejengwa palepale penye soko la watumwa baada ya kufungwa 1873, Askofu Steere ndo alisimamia, huyo huyo aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri sehemu ya Biblia. Mbele ya altare kuna duara la marumaru, wanasema ndipo uliposimama mti wa kuchapia watu. Kuna msalaba wa mbao, mti wake umetoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Livingstone na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Halafu mtoto aangalie nguzo za nyuma zimesimama kichwa chini, hadithi tuliyokuwa tunawapa wageni ni kwamba askofu alisafiri, mafundi walikuwa hawajawahi kuona nguzo za aina ile, aliporudi akaamua ziachwe hivyo hivyo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa minyororo, ni kazi ya msanii wa Sweden ya 1998, na minyororo ile ni ya kweli ya enzi zile. Nimewapeleka watu mia kadhaa pale na sijawahi kusikia mtu anacheka.

Sasa kitu ambacho nilikuwa siwaambii wageni maana bakshishi ingepungua. Vile vyumba viwili vya chini ya ardhi vyenye dari la kuinama, jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, ndo maana kuna wanahistoria wanaosema vile si vyumba vya watumwa. Mwalimu asikasirike, aulize tu swali hilo kwa adabu aone mtembezaji anajibuje. Akitaka chumba ambacho biashara ya magendo baada ya 1873 inatajwa nacho zaidi aende Mangapwani, kaskazini ya mji, na bahati nzuri ni upande huo huo wa Nungwi kwa hiyo mnapitia tu.

Mvita kwa Mvita

Mimi wa Mombasa naongeza moja tu. Kama ushawahi kuingia Fort Jesus usiende Ngome Kongwe ukidhani ni ndugu yake, utahuzunika. Fort Jesus Wareno waliianza 1593, ina mizinga, makumbusho, kuta za kukufanya ushinde asubuhi nzima. Ile ya Unguja ni uwanja. Lakini mji wao umetushinda yakhe, nasema kwa uchungu, Mji wa Kale wetu mzuri lakini nyumba nyingi tushazibomoa tukaweka ghorofa za vioo, kule bado unatembea dakika ishirini hujaona gari.

Bata Batani

Sawa nimenyamaza ila Nungwi msiiondoe kwenye ratiba jamani

Mzee wa Kirumba

Wakuu asanteni sana, mama watoto kasoma yote na ameanza kunipigia makofi humu ndani. Maswali mawili madogo. Kisiwa cha Changuu kwenye kobe kinafaa kwa mtoto au ni bei ya Wazungu? Na huko Forodhani kweli pa kula au pa kupigwa?

Mtu wa Malindi

Changuu mpeleke. Kobe wakubwa, wa mwanzo waliletwa 1919 kutoka Shelisheli, wengine umri umeandikwa mgongoni kwa rangi, mtoto atakuta mwenye miaka zaidi ya bibi yake. Jela ya huko ilijengwa lakini wafungwa hawakuwahi kuwekwa, ikawa karantini ya wagonjwa, ila watu wanaendelea kuita Prison Island. Boti mpatane kabla ya kupanda, kwenda na kurudi pamoja, na useme hivyo hivyo "kwenda na kurudi". Beba na kitambulisho cha NIDA, sehemu nyingi bei ya mtanzania na ya mgeni si moja na hakuna atakayekuambia usipouliza.

Forodhani nenda kwa ile hali, magharibi vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, hiyo binti ataipenda kuliko chakula. Kule kuna juisi ya miwa na urojo, uliza bei kwanza, vyakula vya baharini vilivyopangwa mezani chini ya taa waachie watalii. Urojo wa kweli kula mchana huko ndani mitaani, utaona foleni ya wanafunzi wa skuli wametoka masomoni, simama nyuma yao.

Na mwambie shemeji yetu mwalimu avae kanga au dira, mji unaishi watu na misikiti iko kila kona. Kama mnakuja Ramadhani nijulishe mapema maana mchana hamtopata pa kula hadharani.

Mzee wa Kirumba

Si Ramadhani. Basi imepita hivi: siku ya kwanza mji, kesho yake asubuhi kobe, mchana tunaondoka kupitia Mangapwani hadi Nungwi. Mama watoto ameshaanza kuandika swali la vile vyumba kwenye daftari.

papasi mstaafu

Akipata jibu lilete hapa. Mimi miaka sita nilikuwa nawaambia "twendeni, muda umekwisha".