Naombeni ushauri: mwajiri wa Madrid ananinyima Mei Mosi na Mei 2

Siha_Madrid: Habari za jioni ndugu zangu. Nipo Madrid, namtunza bibi wa miaka 81, kula kulala hapohapo. Huku Mei Mosi ni sikukuu ya nchi nzima, na kesho yake, Mei 2, ni sikukuu ya mkoa wa Madrid. Binti wa bibi anataka nifanye kazi siku zote mbili, eti kazi za ndani hazina sikukuu. Nimgomee au ninyamaze? Siku ya tatu leo sijalala vizuri.

Mzee Kitwana: Mwanangu, kumtunza mzee ni ibada. Sikukuu zitakuja nyingine, radhi ya mzee hainunuliwi.

Fundi Sheria: Mzee wangu, shikamoo, ila kaulizia haki yake. Kanuni ya kazi za nyumbani ya Hispania, Real Decreto 1620/2011, inampa sikukuu zilezile za wafanyakazi wengine: zisizozidi 14 kwa mwaka, za kulipwa, na hadaiwi kuzifidia. Tena kila wiki ana mapumziko ya saa 36 mfululizo. Dada, mkataba wako unasemaje?

Matanzas: Mmenikumbusha mbali! Nilisoma udaktari Cuba. Mei Mosi tulikuwa tunaamshwa saa nane usiku, tunapakiwa mabasi hadi Havana, alfajiri tuko Plaza de la Revolución. Watu kama mchanga. Nilipoteza kiatu kimoja nikarudi bwenini na soksi.

Siha_Madrid: Asanteni. Mambo ya karatasi bado yanashughulikiwa.

Fundi Sheria: Dada, una mkataba au huna?

Siha_Madrid: Sina. Kibali pia sina. Mwezi wa sita natimiza miaka miwili, na huyo binti ndiye aliyeahidi kunisainia mkataba niombe ukaazi wa arraigo, ule wa waliokwisha kuishi huku muda bila kibali. Msinihukumu. Tiketi ya basi ya kwenda Valencia kwa dada yangu nimeshakata, na kuna Mkenya mwenzangu atakaa na bibi, nimeshamlipa nusu. Bibi mwenyewe kaniambia niende. Ananisimulia Franco, dikteta wa Hispania, alivyoifuta Mei Mosi, sherehe ya kazi akaihamishia Julai 18, tarehe ya uasi wake wa 1936. Mwaka 1978, Mei Mosi iliporuhusiwa tena, bibi aliandamana na mimba ya huyuhuyu binti.

Kipanga: Hapo umezidisha chumvi. Barcelona nimekaa miaka minne, Mei 2 tuko kazini kama kawaida. Bibi wa maandamano, binti katili, tiketi mkononi... Uzi wa kutunga huu.

Mama Tunu: Nami nilishaanza kuwa na shaka. Juzi hapahapa tulimchangia mtu wa hadithi.

Siha_Madrid: Sijaomba hata senti. Barcelona iko mkoa wa Catalunya, sikukuu ya mkoa wenu ni Septemba 11. Mei 2 ni ya Madrid, watu wa hapa walipowainukia askari wa Napoleon mwaka 1808. Uliza mtu yeyote aliyeishi hapa.

Fundi Sheria: Ni kweli, kila mkoa una sikukuu zake.

Kipanga: Nimekosea dada, niwie radhi. Nimeonja kuishi bila karatasi, ningekuwa wewe nisingeondoka.

Fundi Sheria: Mimi naona hivi. Kukosa kibali hakukufutii haki: saa ulizofanya kazi ni za kulipwa na sikukuu ni zako, sheria ya wageni ya Hispania inasema hivyo. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha binti kukusainia mkataba. Ndiyo maana kuondoka kimyakimya ni hatari. Mwambie mapema nani atakaa na bibi na utarudi lini, na umwandikie ujumbe ili ibaki kumbukumbu. Kisha nenda chama cha wafanyakazi, CCOO wana ofisi za ushauri kwa wahamiaji.

Mzee Kitwana: Na bibi aambiwe mbele ya bintiye. Akisema yeye, mtoto atasikia.

Siha_Madrid: Nimesoma yote. Kesho asubuhi wakinywa kahawa nitaongea, bibi akiwepo. Tiketi siirudishi.