Mrejesho wa sataranji (chesi): Caro-Kann imenibeba Kampala

Wakuu, niliwauliza nicheze nini na kete nyeusi mtu akianza e4 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), mkanielekeza Caro-Kann, ufunguzi wa kumjibu kwa c6. Nimeicheza mashindanoni Kampala, dhidi ya kijana wa Jinja asiye na huruma.

1.e4 c6 2.d4 d5 3.e5 Bf5 (B ni askofu wangu), naye akasukuma 4.h4. Huo ni mtego: ukijibu e6, anakuja g4, askofu anakimbilia e4, f3 inamrudisha g6, kisha h5, kwisha habari yake. Nikajibu h5, ssebo (bwana mkubwa) akainama kufikiri muda mrefu. Tulimaliza sare, kila mmoja kabaki na kete ya ngome.

Wachezaji Caro na Kann waliuchambua ufunguzi huu 1886, na bado unasimama imara! Sasa, mpinzani akinijia na 3.exd5 cxd5 4.c4 (x ni kula kete), mnapanga vipi?