Maji ya kijani Itungi: ni mbolea za huko juu Rungwe?

Mvuvi wa Itungi:
Wakuu, habari za jioni. Masika yakikolea, Mto Kiwira unatushushia maji yenye rangi ya chai ya maziwa mpaka ziwani. Mvua zikikata na jua kuwaka, maji yaliyotuama kando ya mdomo wa mto yanageuka kijani, nyavu zinatoka na utando unaoteleza. Wazee wanasema ni mbolea za viazi huko juu. Kweli mbolea inafika Ziwa Nyasa? Na tukiyachemsha maji hayo, watoto wanywe?

Mkulima Isyonje:
Ndaga (asante), ndugu yangu. Nalima viazi, hili linanihusu. Inafika, ila haiendi kama urea inayoyeyuka na kuzama. Fosforasi, kirutubisho cha mbolea ya DAP, inang'ang'ania udongo, na udongo wetu wa volkano unaishika hasa. Udongo ukiondoka, nayo imeondoka. Mfuko wa kilo 50 una kama kilo 10 za fosforasi yenyewe, tunaununua kwa jasho, halafu unakwenda kulisha mwani, huo ukijani unaouona. Inaniuma sana.

Pita barabara ya Kikondo mwezi wa Machi: matuta yamechorwa kutoka kilimani hadi bondeni, kila mfereji unashusha tope. Mimi matuta yangu yanakata mteremko, DAP naifukia chini ya mbegu, sirushi juu, na katikati nina mistari ya gwatemala, majani ya malisho. Mvua ikipiga, tope linajikusanya upande wa juu wa majani, jeusi, zito. Maji yanayopenya yamepungua uchafu. Majani yenyewe wanakula ng'ombe.

Mwalimu wa Kemia, Tukuyu:
Mvuvi, usiwape watoto. Ukijani wa namna hiyo unaweza kuwa sianobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao wana sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, sumu inakolea. Mwaka 2014 mji wa Toledo, Marekani, unaovuta maji Ziwa Erie, uliwakataza watu zaidi ya laki 4 kunywa maji ya bomba kwa siku tatu hivi, kwa ajili ya sumu ya namna hiyo. Kule fosforasi nyingi inatoka mashambani kupitia Mto Maumee. Tafuteni kisima. Tusisahau pia vyoo na samadi, navyo vina fosforasi.

Kijana wa Kiazi:
Sisi tunaokodi je? Shamba ni la msimu mmoja, mwenyewe hataki kusikia habari za kupanda majani.

Mkulima Isyonje:
Mdogo wangu, kugeuza matuta hakuhitaji ruhusa ya mwenye shamba, na mbolea utaifukia popote. Kabla ya kununua mifuko, pima udongo, usijaze DAP kwa mazoea. Kikubwa zaidi ni vinyungu, yaani bustani za mabondeni kando ya mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, sisi tunalima mpaka miguu inalowa. Hapo hatuna utetezi mbele yenu watu wa Kyela, huko chini ziwani.

Vipando vya gwatemala ninavyo. Mwenye shamba akikubali, njoo nikukatie bure.

Mvuvi wa Itungi:
Ndaga fijo. Kesho nawaambia akina mama wanaochota pale mdomoni wahamie kisimani.