Kwa nini potasiamu ni 2:8:8:1 na si 2:8:9?

MuuzaVitumbua
Habari za usiku wadau. Nina miaka 31, narudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alfajiri niko kwenye vitumbua, usiku ndiyo nafungua daftari. Nimekwama kwenye potasiamu.

Tumefundishwa kila sheli (si ya mafuta, ile ya atomu) inabeba elektroni 2n², n ikiwa namba ya sheli. Ya kwanza 2, ya pili 8, ya tatu 18. Potasiamu ina elektroni 19. Nikatoa 2, nikatoa 8, zikabaki 9, na nafasi ziko 18. Nikaandika 2:8:9. Mwalimu wa tuisheni akanikosesha, akaandika 2:8:8:1 kwa wino mwekundu. Nilipomuuliza akasema ndivyo ilivyo, kariri. Sasa kama nafasi zipo, huyo mmoja anatoka nje kutafuta nini?

KijanaPCB
Dada, sheli ya tatu inabeba 8 tu. Hiyo 18 ni mambo ya kidato cha tano, achana nayo.

MuuzaVitumbua
Mdogo wangu, atomu haijui mimi niko kidato cha ngapi.

ChakiNyeupe
Hahaa, hapo umemaliza. Nimefundisha kemia miaka mingi na swali hili huulizwa na mwanafunzi mmoja katika darasa zima, wengine wanakariri tu.

18 ni kweli, usiifute. Ila sheli si ukumbi mmoja. Ichukulie kama nyumba ya kupanga yenye vyumba. Chumba s kinalaza elektroni 2, p kinalaza 6, d kinalaza 10. Nyumba ya tatu ina vyote vitatu: 2 na 6 na 10, ndiyo 18 yako. Elektroni nayo ni mpangaji, inatafuta chumba cha kodi nafuu, na kodi hapa ni nishati. Kwenye potasiamu, chumba d cha nyumba ya tatu ni ghali kuliko chumba s cha nyumba ya nne. Sababu ni kwamba elektroni ya s, ingawa ni ya nyumba ya nje, hupenya mara kwa mara hadi karibu na kiini, ikavutwa zaidi na protoni. Ya d haipenyi hivyo. Elektroni za ndani zinaikinga isivutwe. Basi ya 19 inapita mlango wa d na kwenda kupanga nyumba ya nne.

Usiniamini kwa mdomo, tazama namba. Kung'oa elektroni ya kwanza ya potasiamu kunahitaji kilojuli 419 kwa moli. Ya pili, 3,052. Zaidi ya mara saba! Ya kwanza inatoka kirahisi kwa kuwa iko peke yake nyumba ya nje; ya pili inabidi uing'oe nyumba ya ndani, karibu zaidi na kiini. Kalsiamu nayo: 590, 1,145, halafu inaruka hadi 4,912. Mbili za nje zinatoka, ya tatu inagoma.

MuuzaVitumbua
Shikamoo mwalimu. Nimeisoma mara tatu huku mchele umeloweka. Sasa vile vitanda 10 vya chumba d vinabaki vitupu milele?

ChakiNyeupe
Marahaba. Havibaki. Chumba s cha nyumba ya nne kina nafasi mbili tu, kalsiamu ya 20 inakijaza. Inayofuata kwenye jedwali ni skandiamu, ya 21. Hesabu mwenyewe mpangaji mpya anakwenda wapi.

MuuzaVitumbua
Anarudi nyumba ya tatu. 2:8:9:2. Kumbe ile 9 yangu ipo, niliiwahisha tu!

KijanaPCB
Dada nisamehe, na mimi ndiyo nimeelewa leo. Nilikuwa nakariri.

MuuzaVitumbua
Yameisha. Nimejaribu chuma, ya 26. Nimepata 2:8:14:2. Sawa mwalimu?

ChakiNyeupe
Sawasawa. Lakini shaba usiiguse usiku huu. Ni ya 29, utaandika 2:8:17:2, na yenyewe ni 2:8:18:1. Kalale, vitumbua vinakusubiri.

MuuzaVitumbua
Mwalimu, umeshaniharibia usingizi. Kwa nini 18?