Ukuta wa shule karibu na ziwa: tuchore nyangumi au ngege?

Mwalimu wa Sanaa, Kisumu

Wanajukwaa, salamu. Ninafundisha sanaa katika shule moja ya msingi hapa Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, na tumeruhusiwa kuchora ukuta wa nje wenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2, ili wapita njia wahimizwe kutunza viumbe vya majini. Karibu michoro yote ya wanafunzi ina nyangumi, pomboo, kasa na matumbawe, viumbe ambavyo wengi wao wameviona kwenye televisheni pekee. Mwenzangu anasema tusiwavunje moyo, kwa kuwa Wyland, mchoraji wa Marekani aliyeanza kuchora nyangumi ukutani mwaka 1981 huko Laguna Beach, alikamilisha ukuta wake wa 100 mwaka 2008 mjini Beijing, ambako hakuna bahari. Mimi bado ninasitasita, kwa sababu mtoto akitoka langoni mwetu hakutani na matumbawe, anakutana na gugumaji. Mnashaurije? Mafundi nao wanieleze namna ya kuzuia picha isififie.

Mtoto wa Mvuvi, Dunga

Mwalimu, mchore ngege, samaki wa asili wa ziwa letu. Wengi hapa mjini wanadhani wanamjua, ilhali anayeuzwa kwa jina hilo siku hizi mara nyingi ni nyamami, ambaye ni mgeni aliyeletwa ziwani kama mbuta (sangara) alivyoletwa katika miaka ya 1950 na 1960. Ngege mwenyewe amekuwa adimu mno, na fulu, samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina, wengi wao walitoweka baada ya mbuta kuongezeka. Ngege jike huyaatamia mayai kinywani, na vifaranga hurudi humo wakiona hatari. Sijui picha gani ingemgusa mtoto kuliko hiyo. Msimsahau ningu, samaki anayepanda mito kama Nyando wakati wa mvua ili akatage, kisha akakuta nyavu zimetegwa mlangoni mwa mto. Jambo hilo mpita njia anaweza kulizuia, kwa kuwa huenda wavu ni wa shemeji yake.

Mzaliwa wa Pwani

Nakubaliana na ndugu wa Dunga, ila nina ombi: msiandike kwamba takataka za Kisumu humwua kasa wa Mombasa. Ni kweli kwamba kasa humeza mifuko ya plastiki akidhani ni konyeza, mnyama laini wa baharini, lakini maji ya Ziwa Victoria hutoka kupitia Jinja, Uganda, yakafuata Mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Hayafiki Bahari Hindi. Kama mnataka kuziunganisha pande hizi mbili, ichoreni Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya kandambili. Lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na mwaka 2021 likaletwa huku kwetu ziwani.

Fundi Rangi, Nakuru

Kabla ya samaki, tuuangalie ukuta. Ikiwa plasta ni mpya, iacheni mwezi mmoja, kwa sababu saruji mbichi ina unyevu na chumvi zinazoisukuma rangi kutoka ndani. Niliwahi kuchora heroe kwenye plasta ya wiki mbili, kwa kuwa mwenye kazi alikuwa na haraka nami nilikuwa na njaa, na kabla ya mvua za masika kwisha ndege wangu wote walikuwa wamebambuka miguu. Ukuta ukikauka, usugueni kwa msasa, mfute vumbi, mpake undakoti, kisha rangi ya maji iliyotengenezewa kuta za nje. Rangi ya mafuta huziba unyevu, halafu hufura malengelenge.

Nyekundu na manjano kali hupauka juani mapema kuliko kahawia na rangi nyingine za udongo, kwa hiyo fulu dume, wenye wekundu na buluu yao, wawekwe upande wenye kivuli. Sehemu ya chini, hadi kimo cha goti, itarushiwa matope na magari. Ipakeni rangi ya tope la ziwa tangu mwanzo. Michoro ya watoto ikuzwe kwa miraba, sentimita 2 za karatasi ziwe sentimita 40 za ukuta. Tena, maji ya kuoshea brashi yasimwagwe mtaroni: rangi hiyo nayo ina plastiki, na mtaro huishia ziwani. Ingekuwa aibu.

Mwalimu wa Sanaa, Kisumu

Asanteni sana. Niliwasomea wanafunzi majibu haya, wakakubali ngege awe katikati, isipokuwa msichana mmoja wa darasa la sita aliyekataa katakata kumwacha nyangumi wake. Aliuliza kama Mediterania ina nyangumi. Tulipothibitisha kwamba wamo, akapendekeza ukuta uanzie Nyando, upite ziwani na Jinja, ufuate Nile, na nyangumi akae kwenye mita 2 za mwisho. Nimeshindwa kumpinga. Lililobaki ni ningu, kwani sijapata mtu wa kunieleza rangi ya mapezi yake akiwa hai.

Mtoto wa Mvuvi, Dunga

Mzee wangu aliwavua kwa miaka mingi. Nitamleta shuleni Jumamosi asubuhi. Tayarisheni kiti, maana akianza kueleza hamalizi upesi.