Matuta chini ya miti porini: nani alilima hapa?

Mrina_Asali
Wakuu, shikamooni. Nina mizinga kwenye pori la kilima huku Magu. Mvua ikishanyesha, asubuhi jua likiwa bado chini, nikisimama juu ya jabali naona migongo ya matuta imekatiza mteremko chini ya miti, maji yametuama katikati. Kuna safu ya mawe yaliyopangwa, na minyaa iliyopita paa la nyumba. Hata wazee hawakumbuki pakilimwa. Vijana wanataka kuchimba, eti rupia za Mjerumani. Nitajuaje ni shamba la lini?

Kijana_wa_Nansio
Chimbeni, mkipata mnikumbuke 😂

BwanaShamba_Mstaafu
Marahaba. Rupia hakuna. Kagua mifereji: ukikuta vituta vidogo vinaunganisha tuta na tuta hadi vinafanya visanduku, hayo ni ya enzi za Mwingereza. Mpango wa maendeleo ya Usukuma, kuanzia 1947, uliwalazimisha watu kuyalima, na walilima kwa hasira. Ukikuta mkonge mpakani, mpaka huo si wa kabla ya 1893, maana ndipo mkonge ulipoingia Tanganyika. Minyaa haisemi umri, ila inasema palikuwa na mji, yaani kaya ya watu. Ndani yake tafuta vigae, mawe ya kusagia, na udongo mweusi wa zizi.

Safu ya mawe ndiyo inaninyima usingizi. Nenda kisiwa cha Ukara ukaone walivyokinga miteremko kwa mawe, ng'ombe wanafungiwa ndani kwa ajili ya samadi, marejea (mmea wa jamii ya kunde) yanapandwa kwenye uwele kisha yanafukiwa yawe mbolea. Hakuna mzungu aliyewafundisha, kwa hiyo safu yako nayo huenda ni ya kabla ya wakoloni.

Msukuma_Ughaibuni
Huku Uingereza misitu mingine ina matuta ya zama za kati. Yamepinda kama S iliyogeuzwa, kwa sababu plau ilivutwa na maksai hadi 8 na msafara huo ulihitaji nafasi ya kugeukia. Baada ya tauni ya 1348 vijiji kadhaa vilihamwa. Palipoota msitu matuta yalipona, plau za baadaye hazikuyafikia.

BwanaShamba_Mstaafu
Kwetu lilikuwa jembe la mkono, usitafute S.

Mrina_Asali
Nimepita. Visanduku vipo chini ya safu ya mawe tu. Juu yake havipo, na mkonge sijauona.

BwanaShamba_Mstaafu
Basi huenda ni mashamba mawili ya nyakati mbili. Piga picha jua likiwa chini, umwone afisa utamaduni wa wilaya. Vijana waambie kuchimba mambo ya kale kunataka kibali, sheria ipo tangu 1964.