Fainali ya 1953: kwa nini iitwe ya Matthews wakati mabao alifunga Mortensen?

Mleta mada:
Wadau, hili linanikera kila Kombe la FA la Uingereza likitajwa. Tarehe 2 Mei 1953, Wembley: Blackpool 4, Bolton 3. Stan Mortensen wa Blackpool kafunga matatu peke yake, na mpaka leo hakuna mwingine aliyefunga matatu kwenye fainali ya kombe hilo pale Wembley. Halafu mechi ikabatizwa jina la winga mwenzake, Stanley Matthews, ambaye hakufunga hata moja! Wafungaji tumewakosea nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeitazama mechi yenyewe au umesoma matokeo tu? Bolton walikuwa mbele 3-1. Krosi ya bao la pili la Blackpool ilitoka kwa nani? Matthews. Kipa Hanson ikamponyoka, Mortensen akajitupa akamalizia, akaishia kugonga mwamba yeye mwenyewe. La 3-3 sawa, ni la kwake, mpira wa adhabu aliopiga moja kwa moja. Lile lake la kwanza lilimgonga Hassall wa Bolton kabla ya kuingia, tusijifanye hatujui. Sasa la ushindi: Matthews, mzee wa miaka 38, anamtoka Banks, beki wa Bolton, anakaribia mstari wa goli, anarudisha mpira nyuma huku anateleza, Bill Perry, mzaliwa wa Johannesburg, anaweka wavuni. Mtu huyo alishafungwa fainali ya 1948 na ya 1951. Ulitaka waimbe jina la nani?

Mchangiaji wa pili:
Samahani wakuu, Bolton mmewaweka wapi? Eric Bell aliumia msuli wa paja mapema, na enzi hizo kubadilisha mchezaji hakuna. Wakampeleka wingi ya kushoto akachechemee huko, Hassall akarudishwa kuziba pengo lake. Bell huyohuyo, mguu mmoja, karuka kafunga kwa kichwa la 3-1! Na beki wa kushoto, Banks, mwishoni misuli imembana. Matthews alikuwa anacheza upande gani? Huohuo. Namba saba wa mtaani kwetu naye angepita.

Mchangiaji wa kwanza:
Wa mtaani kwenu angepiga krosi ikaenda jukwaani 😂

Mleta mada:
Hoja ya Bell naipokea, sikuwa nimeifikiria hivyo. Ila ndugu yangu wa krosi, kwa hesabu yako bao ni la mtoa pasi? Basi siku mshambuliaji akikosa, tumlaumu winga. Matthews mwenyewe alikuwa akisema fainali ile ni ya Mortensen. Wewe unamkatalia kwa niaba ya nani?

Mchangiaji wa pili:
Lofthouse, mshambuliaji wa Bolton, alifunga kila raundi mwaka ule, na fainali alifunga kabla ya dakika mbili kutimia. Karudi Bolton bila kombe, na jina la mechi hata hagombei.